Mstari Mmoja: Siku Sita na Boksi la Vipimo, Ahero hadi Luanda Kotieno

Siku ya kwanza, Jumatatu. Kisumu, Ahero, Katito

Tulitoka Kisumu saa moja kasorobo, kabla matatu za Kondele hazijaanza kugombea barabara. Dereva wetu ni mzee aliyeanza kuendesha magari ya miradi nikiwa bado shule ya msingi, na ana utaratibu wake wa kupakia Probox: katoni za glavu chini, vipimo vya malaria katikati, maji ya kunywa karibu na mkono wake. Juu kabisa, chini ya kioo cha nyuma, akaweka boksi dogo jeupe.

"Na hili nalo ni la mradi, Madam?"

"Hilo ni langu, Mzee. Lishike kama mayai."

Kazi iliyonitoa nyumbani ni ya kawaida kwa mtu wa maabara. Nazungukia zahanati za upande huu wa ziwa, nakaa kando ya meza ya muuguzi na kutazama anavyotumia kipimo cha haraka cha malaria: amechukua damu kiasi gani, ameweka matone mangapi ya bafa, yaani kimiminika cha kipimo, amesubiri dakika ngapi, ameandika nini kitabuni. Boksi jeupe ni habari nyingine. Ndani yake mna vipimo 25 vya homa ya utitiri, ile ambayo vitabu vya tiba huiita tifasi ya vichakani. Mwalimu wetu wa kozi alirudi navyo kutoka India, akanipa niwaonyeshe wenzangu vinavyofanana na vinavyosomwa. Sharti lake lilikuwa moja: nisimpime mgonjwa. Hapa kwetu havijaidhinishwa kwa kazi hiyo. Nililikubali kirahisi, kama mtu anavyokubali kufunga akiwa ameshiba.

Ahero ilitupokea kwa harufu ya mpunga uliolowa. Anayeulizia kwa nini malaria haiishi nchi ya Kano na apite hapa asubuhi, atazame maji yaliyotulia kwenye majaruba hadi macho yachoke. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 uliwakuta vimelea damuni watoto 19 katika kila 100 waliopimwa kanda ya ziwa. Miaka mitano kabla ya hapo walikuwa 27. Imepungua, ndiyo. Lakini inapopungua, wanaofika zahanati na homa hawapungui kwa kiasi hicho, na hao wanaobaki ndio walionifanya nibebe boksi jeupe.

Sista wa zahanati ya kwanza anajua kazi. Kosa lake ni saa. Alimtoboa mtoto kidole, akaweka damu na bafa, akaenda kuwazalisha wawili, akarudi baada ya saa nzima na kusoma kipimo kana kwamba dakika ni zilezile. Nikamwonyesha maandishi kwenye karatasi ya maelekezo. Akacheka, akanionyesha foleni. Wote wawili tulikuwa na haki.

Katito tulifika jua likiwa linazama, tukala omena na ugali, tukalala.

Siku ya pili, Jumanne. Sondu, Oyugis

Nimekasirika leo, na sina uhakika nimemkasirikia nani.

Zahanati ya asubuhi, ambayo sitaitaja, ilikuwa imepanga vipimo vya malaria kwenye dirisha linalotazama mashariki. Jua lilikuwa limeshalipiga katoni zima. Nikatoa hotuba. Vipimo hivi, nikasema, ni protini zilizokaushwa kwenye utepe. Protini ikipata joto inaharibika kama yai linavyoiva, na yai lililoiva halirudi bichi. Vya malaria vingi huvumilia hadi nyuzi 40, lakini si vyote, na dirisha hilo likipigwa jua linapita hapo. Muuguzi, kijana mpole, akavihamishia kwenye kabati la chini huku akiniomba radhi. Nilijiona mwalimu kwelikweli.

Kisha nikaomba kitabu cha wagonjwa.

Anayetaka kuijua zahanati asitazame kuta, asome kitabu. Ukurasa baada ya ukurasa: homa, maumivu ya kichwa, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Na kwenye safu ya mwisho, kwa mwandiko uleule: taifodi. Homa, hakuna malaria, taifodi. Homa, hakuna malaria, taifodi. Imekuwa kama kibwagizo. Nikauliza taifodi hiyo imejulikanaje. "Widal, Daktari. Wanapima pale sokoni wanakuja na karatasi."

Kipimo hicho kina jina la Mfaransa Fernand Widal, aliyekieleza mwaka 1896. Hakitafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili huacha baada ya kupambana na adui. Mtu aliyewahi kuugua miaka iliyopita, au aliyepambana na bakteria wa jamaa na yule wa taifodi, anaweza kuonekana mgonjwa leo. Nchi ambayo maji machafu ni jambo la kila siku, karatasi moja ya Widal haina uzito mkubwa, lakini ni rahisi, inapatikana kila duka la dawa, na inampa mgonjwa jina la ugonjwa. Mtu aliyetoka nyumbani na homa hataki kurudi bila jina.

Huko Asia, ambako homa ya utitiri ni ya nyumbani, wana ndugu wa Widal. Kiliibuliwa mwaka 1916 na Weil na Felix, vita kuu ya kwanza ikiendelea, na kinatumia bakteria mwingine kabisa, Proteus, kwa sababu kingamwili za tifasi hutokea zikamshika naye. Kwa homa ya utitiri hutumia aina iitwayo OX-K. Hospitali ndogo za mashambani bado zinakitumia kwa kuwa ni rahisi, na kinawakosa wagonjwa wengi kama nyavu yenye matundu makubwa. Ndiyo maana vipimo vya utepe vilipotoka vilipokelewa kwa vigelegele: tone la damu, dakika kumi na kitu, hakuna umeme, hakuna darubini.

Nimeandika haya kwenye chumba cha kulala wageni Oyugis. Jirani yangu anasikiliza mpira kwa sauti ya juu. Gari liko uani.

Siku ya tatu, Jumatano. Homa Bay

Tulikuwa na kikao na wahamasishaji wa afya ya jamii kuanzia saa nne asubuhi. Hawa ndio waliokabidhiwa mikoba ya vifaa na serikali mwaka 2023, na ndio wanaojua nyumba gani ina mgonjwa kabla ya mbwa wa nyumba hiyo kujua. Ukumbi wa kanisa, mabati, hakuna dari. Kufikia saa sita kila mtu alikuwa anajipepea kwa daftari.

Nilimaliza mambo ya malaria, nikasema sasa nitawaambia habari ya mdudu. Nikataja utitiri. Mama mmoja akanyosha mkono: utitiri si ule wa kuku? Ni jamaa, nikamwambia. Mwingine akauliza kama ni funza. Hapa ilinibidi nisimame kidogo, maana mkanganyiko huu naujua. Hata kwa Kiingereza majina ya wadudu hawa wawili yanapishana kwa sauti moja tu. Funza ni kiroboto. Jike lake huingia ndani ya kidole cha mguu na kukaa humo akijaa mayai, na kila mtu ukumbini amewahi kumtoa kwa pini. Huyu wa leo haingii ndani. Ni buu la utitiri wa porini, miguu sita, dogo kiasi kwamba ukiliona umebahatika macho. Linang'ang'ania ngozi siku chache, halinyonyi damu bali linayeyusha ngozi na kunywa uji wake, kisha linaanguka. Likikua linapata miguu minane, linaishi udongoni, na halimgusi tena mtu wala mnyama. Mara moja tu maishani mwake linatuhitaji.

"Sasa mara hiyo moja ndiyo linatuua?" akauliza mzee wa nyuma. Ukumbi ukacheka.

Si kila buu, nikasema. Ni lile lililobeba bakteria aitwaye Orientia. Na jambo la ajabu ni kwamba haliambukizwi na panya kama tunavyodhani. Hurithi. Utitiri jike humpa mtoto ndani ya yai, kizazi hadi kizazi. Panya ni gari tu na mahali pa kulia chakula. Ndiyo sababu ugonjwa huu una vijiji vyake: kipande hiki cha nyasi kina utitiri wenye Orientia, kile cha ng'ambo ya kijito hakina kitu.

Nikawachorea ramani ubaoni. Kwa miaka mingi vitabu viliweka pembe tatu: Japani na mashariki ya mbali ya Urusi juu, kaskazini mwa Australia chini, Pakistani upande wa magharibi. Watu zaidi ya bilioni moja wanaishi humo. Hata jina la bakteria, tsutsugamushi, ni la Kijapani, mdudu wa maradhi. Kisha pembe tatu ikaanza kuvuja. Mwaka 2010 watafiti walieleza Orientia mpya, wakaiita chuto, iliyomtoka mgonjwa aliyeambukizwa Dubai. Chile nayo ikapata wagonjwa wake, kwenye kisiwa cha Chiloé. Na mwaka 2018 ikachapishwa kwamba Orientia chuto imepatikana kwenye mabuu ya utitiri yaliyotolewa kwa panya wa mwituni hapa hapa Kenya. Kabla ya hapo kulikuwa na Wakenya wenye homa waliopimwa damu wakakutwa na kingamwili zake.

Yule mzee wa nyuma akasimama. Hakuwa na swali, alikuwa na babu. Babu yake alikuwa askari wa Keya, jeshi la wakoloni Afrika Mashariki, akapelekwa Burma vita vya pili. Alirudi akisimulia homa iliyowalaza wanaume wakubwa kwenye nyasi ndefu, homa isiyosikia kwinini. Watoto walidhani ni chumvi za mzee. Nikamwambia mwaka 1944 wanajeshi wa Afrika Mashariki walipita bonde la Kabaw huko Burma, na kwamba homa ya utitiri iliyasumbua sana majeshi ya upande huo. Siwezi kusema ndiyo iliyowalaza wenzake babu yake. Mzee akaketi taratibu, akamtazama jirani yake kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

Halafu likaja swali nililolingoja: kama kipimo kipo kwenye boksi, tatizo liko wapi?

Tatizo ni siku. Kipimo hiki, nikasema, kinatafuta kingamwili, kama Widal. Mwili unahitaji muda kuzitengeneza, mara nyingi hadi mwisho wa wiki ya kwanza ya homa. Mtu akija siku ya pili ukampima, utaona mstari mmoja tu, ule wa kuthibitisha kwamba kipimo kinafanya kazi, na utamwambia hana ugonjwa ilhali anao. Akija siku ya tisa, huenda ikaonekana mistari miwili. Kwa hiyo kabla ya kutoboa kidole kuna swali lisilo na gharama: homa ilianza lini? Si "juzi juzi". Ilianza siku ya soko? Kabla ya mazishi au baada?

Na kuna kipimo kingine kisichohitaji boksi. Mahali buu lilipouma, kwa wagonjwa wengi ingawa si wote, hutokea kidonda kidogo chenye gaga jeusi, kama palipoguswa na kaa la moto. Hakiumi, hakiwashi, kwa hiyo mgonjwa hakitaji. Hukaa mahali pa siri: kinena, kwapa, chini ya titi, nyuma ya goti, penye mkanda wa suruali au kamba ya sidiria. Asiyemvua mgonjwa nguo hakioni. Kina mama wakaanza kunong'onezana. Zahanati zao nyingi hazina pazia. Mmoja akasema leso mbili na kamba zinatosha, na nadhani hilo lilikuwa wazo bora la siku nzima.

Tuliachana saa tisa. Nilipofungua mlango wa gari joto lilinipiga usoni kama la tanuri ya mkate.

Siku ya nne, Alhamisi. Rodi Kopany, Ndhiwa

Kituo cha afya cha leo kina tabibu, kijana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, mwenye tabia ya kufikiri kabla ya kusema. Wagonjwa wamekaa kwenye mabenchi nje chini ya mwembe. Nilipomaliza na muuguzi, nilifungua boksi jeupe pale pale kwenye meza ya nje nikamwonyesha tabibu, na bila kujua nilikuwa nawaonyesha mabenchi yote.

Mama mmoja alikuwa na mwanawe wa miaka 14. Kijana alilaza kichwa mapajani mwa mamaye, macho mekundu, midomo imekauka. Homa siku ya saba. Amepimwa malaria mara mbili, mstari mmoja mara zote mbili. Ameshamaliza dawa ya malaria hata hivyo, ya kununua, na ameshachomwa sindano za seftriaksoni kwa ajili ya taifodi ya karatasi. Homa haijali.

"Daktari," akaniambia, "hicho cha boksi jeupe, nipimie mtoto."

Nikamwambia mimi si daktari, ni mtu wa maabara, na kipimo hiki ni cha kufundishia. Hakijaruhusiwa kumpimia mgonjwa. Akanitazama kwa muda. Kisha akafungua fundo la leso yake, akatoa noti mbili za shilingi mia, akazinyoosha juu ya goti. Alidhani nimetaja bei kwa lugha ya adabu.

Sijui niliongea nini baada ya hapo. Nilieleza tena, kwa maneno mengi kuliko mara ya kwanza, na kadiri maneno yalivyoongezeka ndivyo yalivyozidi kufanana na uongo. Kwamba kipimo kilijaribiwa kwa damu ya watu wa mbali. Kwamba utepe umetengenezwa kutambua kingamwili za Orientia wa Asia, na kama wetu ni tofauti huenda usizione zake. Kwamba jibu baya ni baya kuliko kukosa jibu. Mama akafunga tena noti zake. Hakukasirika. Ningependelea angekasirika.

Ni tabibu aliyetuokoa. Alimwita kijana ndani, akafunga mlango, akaniomba nimshikie tochi ya simu. Alianza kichwani akashuka, kwapa, mgongo, kiuno. Tezi za kinena upande wa kushoto zilikuwa zimevimba. Akamwambia akunje kaptura zaidi, ageuke. Nyuma ya goti la kushoto palikuwa na gaga jeusi, mviringo, si kubwa kuliko mbegu ya papai, na wekundu kuzunguka.

"Hii ni ya lini?"

Kijana hakujua kama ipo. Anachunga ng'ombe. Kila jioni anajitoa kupe, hahesabu.

Tukatoka nje tukasimama. Gaga jeusi halisemi nani ameuma. Kupe naye huleta homa yenye kidonda cha aina hii, na kwa mchungaji wa ng'ombe upande huu wa nchi, yeye ndiye mshukiwa wa kwanza kabla ya utitiri. Lakini hapa tiba ina huruma kuliko maabara: doksisaiklini inawashinda bakteria wa kupe na wa utitiri pia. Seftriaksoni haifui dafu mbele yao, kwa sababu bakteria hawa hujificha ndani ya seli ambako dawa za jamii ya penisilini haziwafikii. Tabibu akaandika doksisaiklini, miligramu 100 asubuhi na jioni, siku saba, ale kwanza, anywe na maji mengi, asilale mara baada ya kumeza. Mama akauliza ni shilingi ngapi. Ilikuwepo kabatini.

Usiku, chumbani, sikuweza kulala kwa ajili ya zile noti mbili. Nikawasha taa, nikafungua kipimo kimoja cha boksi jeupe, nikajitoboa kidole. Nilitaka kuona tu ningempa nini yule mama. Nikaweka damu, nikaweka bafa, nikatazama saa.

Hakuna mstari. Si mmoja, si miwili. Dirisha jeupe tupu.

Nikafungua cha pili. Tupu. Cha tatu kikaleta mstari wa kuthibitisha, hafifu kama penseli iliyofutwa. Kwenye boksi imeandikwa isizidi nyuzi 30. Siku nne liko chini ya kioo cha nyuma, na jana kutoka saa nne hadi saa tisa, juani, madirisha yamefungwa, nilipokuwa nawafundisha watu. Nikamkumbuka yule kijana wa juzi aliyehamisha vipimo vyake huku akiniomba radhi.

Siku ya tano, Ijumaa. Bonde la Lambwe, Mbita

Nilimweleza dereva tukiwa tunarudi barabara ya Mbita. Alinyamaza hadi tukapita kona mbili. "Uliniambia nilishike kama mayai, Madam. Mayai mimi huwa naweka pale pale. Hayaharibiki upesi." Kisha akaongeza, kwa upole, kwamba ningemwambia ni maziwa.

Bonde la Lambwe ni zuri kwa njia ya mahali ambapo watu waliwahi kupakimbia. Ndorobo na malale viliwafukuza zamani, na sehemu ya ardhi hiyo sasa ni hifadhi ya Ruma, makao ya swala wakubwa waitwao korongo, wa mwisho waliobaki Kenya. Hatukuona hata mmoja. Tuliona ng'ombe, na kila mchungaji aliyepita nilijikuta natazama nyuma ya magoti yake.

Mbita ni mji wa watu wanaojua wadudu. Kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu aliyoianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970, kiko hapo ukingoni mwa ziwa, na wengi wa majirani wamewahi kufanya kazi ya kukamata mbu. Kikao cha mchana kilikuwa na watu sita wa maabara. Badala ya kuwapa hotuba niliyoizoea, nikaweka mezani vile vipimo vitatu vya usiku. Nikawaambia vimekufaje. Walicheka kidogo, kisha kila mmoja akawa na kisa chake: katoni lililosahauliwa kwenye kituo cha boda, friji iliyozima wikendi nzima na kuwashwa Jumatatu kana kwamba hakuna kilichotokea, vipimo vilivyoanikwa na mtoto wa mlinzi akidhani ni vitu vya kuchezea. Hatujawahi kuwa na kikao chenye ukweli kama hicho.

Mmoja wao, mwanamke mtu mzima, alileta jambo ambalo hatulisemi vya kutosha. Sote tunalia kuhusu mstari mmoja. Je, mistari miwili? Kipimo cha malaria tunachokitumia hunasa protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki damuni wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Mtoto aliyetibiwa malaria mwezi uliopita akija leo na homa ya kupe, kipimo kitasema malaria, naye atapewa tena dawa ya malaria, na hakuna atakayemvua shati. Kanda ya ziwa wapo pia wanaotembea na vimelea bila kuumwa. "Huyo," akasema, "ana malaria na ana homa, lakini malaria siyo homa yake."

Samaki wa Mbita jioni. Sitasema zaidi, watu wa Kisumu wataona wivu.

Siku ya sita, Jumamosi. Luanda Kotieno, Asembo, Kisian

Feri ya asubuhi ilijaa mbuzi, magunia ya mkaa na harusi nzima. Boksi jeupe nililipakata. Halina faida tena ila ya kufundishia jinsi kipimo kinavyokufa, lakini nililipakata.

Ng'ambo, ukishatoka Luanda Kotieno, unaingia nchi ya Asembo. Kwa mtu wa kazi yangu jina hilo lina uzito: hapa watafiti wamefuatilia homa za vijijini kwa miaka mingi, na hapa ndipo kupe wa rangi wa ng'ombe walipochunguzwa wakakutwa kwa wingi na Rickettsia africae, bakteria wa homa ya kupe. Nilimwomba dereva asimame kwenye boma moja lenye ng'ombe kando ya barabara. Dani, yaani bibi mwenye mji, alinipa ruhusa huku akishangaa, nikamtazama fahali mmoja chini ya mkia. Walikuwepo, wamejaa kama mbegu za mbarika, mgongo wenye madoa ya machungwa na kijani. Wazuri, kusema haki ya Mungu. Dani akaniuliza kama nanunua ng'ombe. Nikasema hapana, natazama kupe. Akamwambia mjukuu wake jambo ambalo hakunitafsiria.

Tulikuwa tumepita Ndori, dereva akilalamikia matuta, simu ilipolia. Tabibu wa Ndhiwa. Kijana ameletwa asubuhi kuangaliwa. Joto limeshuka tangu jana usiku, amekula uji vikombe viwili, ameanza kugombana na mdogo wake. Mama yake amenisalimia. Dawa ataendelea nazo hadi siku ya saba.

Nilifurahi hadi nikapiga dashibodi kwa kiganja, dereva akadhani nimeona ng'ombe barabarani. Kisha tabibu akasema ana shida moja. Amefungua kitabu cha wagonjwa, amefika mstari wa kijana yule, safu ya mwisho. Malaria siyo. Taifodi hataki kuiandika, mkono unakataa. Kupe hana ushahidi, utitiri hana ushahidi, na gaga lenyewe, ambalo ndilo lingepelekwa maabara kubwa kutafutwa vinasaba vya bakteria, lilianguka lenyewe kitandani likafagiliwa.

"Niandike nini?"

Tulikuwa tunashuka kuelekea Kisian, ziwa limeanza kuonekana upande wa kulia, na maabara kubwa zenyewe ziko pale, nyuma ya ua, umbali wa kutupa jiwe kutoka barabarani.

"Andika ulichokiona," nikamwambia. "Homa siku ya saba. Gaga jeusi nyuma ya goti la kushoto. Tezi za kinena. Anachunga ng'ombe. Doksisaiklini, amepata nafuu siku ya pili."

"Haitatosha kwenye kisanduku."

"Vuka mstari."